MADA YA 9: PANELI YA SOLA KATIKA MILINGANYO

Malengo ya mada
Ukimaliza mada hii uweze:
(a) kusoma kibandiko cha paneli ya sola na kueleza kila namba iliyoandikwa;
(b) kutumia mlinganyo kupata mkondo na nguvu ya paneli kwa volteji yoyote;
(c) kuchora grafu ya mkondo na volteji, na kuisoma;
(d) kusahihisha nguvu ya paneli kwa ukali wa mwanga na halijoto;
(e) kukadiria nishati ya siku nzima na kuamua kama inatosheleza matumizi ya nyumba.

Unachohitaji kujua kabla: sheria ya Ohm, nguvu ya umeme (P = I × V), mfululizo na sambamba, vipeo, logi, na uchoraji wa grafu.

9.1 Tatizo lenyewe

Nyumba ya Asha, mtahiniwa kama wewe, ina paneli moja iliyoandikwa "100 W". Tangu Juni taa zimewaka vizuri. Inafika Novemba, mwezi wa mtihani wa kidato cha nne, mvua za vuli zinaanza, na taa zinazimika kabla Asha hajamaliza kusoma. Baba anasema betri imechoka. Fundi anasema wanunue paneli ya pili. Asha ana kalamu, karatasi na namba za kibandiko. Je, anaweza kujua chanzo cha tatizo kabla pesa haijatoka mfukoni?

Anaweza. Njia atakayotumia inaitwa modeli ya kihisabati: tunaeleza kitu halisi kwa milinganyo michache, tunakokotoa, kisha tunalinganisha jibu na vipimo. Katika mada hii utajenga modeli hiyo hatua kwa hatua, na mwishoni utalijibu swali la Asha kwa namba.

Kumbuka jambo hili moja tangu mwanzo: namba 100 W kwenye kibandiko ni nguvu ya paneli katika hali maalumu ya maabara. Juu ya bati la nyumba, hali hiyo hutokea mara chache sana.

9.2 Ndani ya paneli

Mwaka 1839 Mfaransa Edmond Becquerel aligundua kwamba mwanga unaweza kuzalisha umeme. Seli ya silikoni iliyofaa kwa matumizi ilitengenezwa mwaka 1954 huko Marekani, katika maabara za Bell, na Daryl Chapin, Calvin Fuller na Gerald Pearson. Ufanisi wake ulikuwa takriban asilimia 6. Paneli nyingi za silikoni zinazouzwa siku hizi zina ufanisi wa asilimia 15 hadi 22.

Silikoni ni nusu kipitishi. Seli hutengenezwa kwa tabaka mbili za silikoni: moja ya aina n, yenye elektroni za ziada, na nyingine ya aina p, yenye matundu. Mahali zinapokutana ndipo penye diodi. Mwanga unapopiga seli, elektroni hung'olewa kutoka kwenye atomi na kusukumwa upande mmoja. Ukiunganisha waya nje, zinapita: huo ndio mkondo.

Seli moja ya silikoni hutoa takriban volti 0.6 tu isipounganishwa na kitu. Ndiyo maana seli hupangwa kwa mfululizo. Paneli ya kuchaji betri ya volti 12 huwa na seli 36:
36 × 0.61 V ≈ 22 V.

Zingatia: katika mfululizo volteji hujumlishwa na mkondo hubaki uleule. Katika sambamba mkondo hujumlishwa na volteji hubaki ileile. Kanuni hii ni ileile uliyojifunza kwenye betri za tochi.

9.3 Kusoma kibandiko

Geuza paneli. Nyuma yake utakuta kibandiko chenye alama kama hizi. Paneli hii ndiyo tutakayoitumia katika mada nzima.

Pmax = 100 W: nguvu ya juu kabisa
Vmp = 18.0 V: volteji wakati wa nguvu ya juu kabisa
Imp = 5.56 A: mkondo wakati wa nguvu ya juu kabisa
Voc = 22.0 V: volteji ya mzunguko wazi (hakuna kilichounganishwa, mkondo ni sifuri)
Isc = 6.00 A: mkondo wa mzunguko mfupi (ncha mbili zimegusanishwa, volteji ni sifuri)
NOCT = 45 °C: halijoto ya seli katika hali ya kawaida ya kazi (tazama 9.6)

Chini ya namba hizo huandikwa hali ya kipimo: ukali wa mwanga G = 1000 W/m², na halijoto ya seli 25 °C. Hii ndiyo hali sanifu ya majaribio.

Hakikisha namba zinakubaliana:
Vmp × Imp = 18.0 × 5.56 = 100.08 W ≈ 100 W. Sawa.

Sasa zidisha Voc kwa Isc:
22.0 × 6.00 = 132 W.
Nguvu hii haipatikani kamwe! Volteji ikiwa 22.0 V, mkondo ni sifuri. Mkondo ukiwa 6.00 A, volteji ni sifuri. Hata hivyo zao hili lina kazi. Tukigawanya nguvu halisi kwa zao hilo tunapata kipimo cha ujazo:

Kipimo cha ujazo = (Vmp × Imp) ÷ (Voc × Isc) = 100 ÷ 132 = 0.76

Paneli nzuri ya silikoni huwa na kipimo cha ujazo kati ya 0.7 na 0.8. Kikiwa chini zaidi, shuku seli zilizoharibika au maungio mabovu.

Ufanisi. Ikiwa eneo la paneli ni 0.55 m², nguvu ya mwanga inayoipiga katika hali sanifu ni 1000 × 0.55 = 550 W. Basi:
Ufanisi = (100 ÷ 550) × 100% = 18.2%.

9.4 Modeli ya mkondo na volteji

Kibandiko kinatupa nukta tatu tu za grafu: (0, 6.00), (18.0, 5.56) na (22.0, 0). Tunataka mkunjo mzima. Kwa sababu seli ni diodi, mkondo unaopotea ndani yake hukua kwa vipeo. Umbo rahisi la mlinganyo ni hili:

I = Isc × (1 − 10^k), ambapo k = (V − Voc) ÷ b

Hapa b ni namba isiyobadilika ya paneli husika, katika volti. Jaribu mlinganyo kwenye ncha zake. Ukiweka V = Voc, k = 0, 10^0 = 1, na I = 0. Sahihi. Ukiweka V = 0, k = −22 ÷ b, ambayo ni namba hasi kubwa; 10^k inakaribia sifuri, na I = Isc. Sahihi.

Kupata b. Tumia nukta ya katikati ya kibandiko.
5.56 = 6.00 × (1 − 10^k)
10^k = 1 − 5.56 ÷ 6.00 = 0.0733
k = log 0.0733 = −1.135
(18.0 − 22.0) ÷ b = −1.135
b = 4.0 ÷ 1.135 = 3.52 ≈ 3.5 V

Mlinganyo wa paneli yetu ni:
I = 6.00 × (1 − 10^k), k = (V − 22.0) ÷ 3.5

Mfano 1. Tafuta mkondo na nguvu paneli ikiwa kwenye volti 18.
k = (18 − 22) ÷ 3.5 = −1.143
Ukitumia jedwali la logi, andika −1.143 = −2 + 0.857. Kinyume cha logi cha 0.857 ni 7.19, hivyo 10^k = 0.0719.
I = 6.00 × (1 − 0.0719) = 5.57 A
P = 18 × 5.57 = 100.3 W

Kibandiko kinasema 100 W. Kosa la modeli ni 0.3 kati ya 100, yaani asilimia 0.3, na limetokana na kukadiria b. Kwa kazi yetu linakubalika.

Jedwali 9.1: Mkondo na nguvu ya paneli katika hali sanifu

V (volti) | I (ampea) | P (wati)
0 | 6.00 | 0
10 | 6.00 | 60.0
14 | 5.97 | 83.6
16 | 5.88 | 94.1
17 | 5.78 | 98.3
18 | 5.57 | 100.3
19 | 5.17 | 98.2
20 | 4.39 | 87.8
21 | 2.89 | 60.7
22 | 0 | 0

Kazi ya mkono. Chukua karatasi ya grafu. Weka V kwenye mhimili wa mlalo na I kwenye mhimili wa wima. Chora mkunjo wa kwanza. Kisha, kwenye karatasi ileile na kwa skeli nyingine, chora P dhidi ya V. Usiendelee na sehemu inayofuata kabla hujachora.

Utaona mambo matatu:
(i) Kuanzia 0 hadi karibu 15 V, mkondo ni kama mstari ulionyooka wa mlalo. Paneli inatoa mkondo uleule bila kujali volteji.
(ii) Baada ya hapo kuna "goti". Mkondo unaporomoka haraka.
(iii) Mkunjo wa nguvu unapanda kama mlima na kilele chake kipo kwenye goti, karibu na 18 V.

9.5 Mzigo ndio unaochagua nukta

Paneli haijichagulii volteji. Kifaa ulichounganisha, yaani mzigo, ndicho kinachoamua paneli ifanye kazi wapi kwenye mkunjo. Ukiunganisha rezista ya ukinzani R, sheria ya Ohm inadai I = V ÷ R. Huo ni mstari mnyoofu unaopita kwenye asili ya grafu. Paneli inadai mkunjo wake. Zote mbili zinatimizwa mahali mstari unapokata mkunjo.

Mfano 2. Tafuta nguvu inayofika kwenye mzigo wa (a) 1 Ω (b) 10 Ω (c) 3.24 Ω.

(a) Mstari I = V unakata mkunjo kwenye sehemu ya mlalo: I = 6.00 A, V = 6.0 V.
P = 6.0 × 6.00 = 36 W

(b) Mstari I = V ÷ 10 unapita kwenye (0, 0) na (20, 2). Urefushe hadi ukate mkunjo. Kwenye grafu utasoma karibu V = 21.3 V na I = 2.1 A.
P = 21.3 × 2.1 ≈ 45 W

(c) Angalia: Vmp ÷ Imp = 18.0 ÷ 5.56 = 3.24 Ω. Mstari unapita kwenye kilele.
P ≈ 100 W

Paneli ni ileile na jua ni lilelile, lakini nguvu ni 36 W, 45 W na 100 W. Mtahini akikuuliza "kwa nini paneli ya 100 W imetoa 36 W ilhali jua ni kali?", jibu ni hili: ukinzani wa mzigo haulingani na Vmp ÷ Imp.

Betri je? Betri ya volti 12 inapochajiwa huwa karibu 13 V, na ukiiunganisha moja kwa moja huivuta paneli ifanye kazi kwenye volti hizohizo.
k = (13 − 22) ÷ 3.5 = −2.571; 10^k = 0.0027
I = 6.00 × 0.9973 = 5.98 A
P = 13 × 5.98 = 77.7 W
Karibu wati 22 zimepotea hata kabla ya joto na vumbi. Ndiyo maana kuna vidhibiti chaji, ambavyo mafundi huviita chaji kontrola, vya aina mbili. Aina ya bei nafuu huiacha paneli kwenye volteji ya betri. Aina ya bei ya juu hutafuta kilele cha mlima wa nguvu kila wakati na kuishikilia paneli hapo, kisha huishusha volteji ifae betri. Kinachofanywa na kifaa hicho ni kilekile ulichofanya kwa penseli kwenye grafu yako.

9.6 Mwanga na joto

Mwanga. Mkondo huenda sambamba na ukali wa mwanga. G ikipungua nusu, Isc nayo hupungua nusu. Voc hushuka kidogo tu. Kwa hiyo, kwa makadirio:

P ≈ Pmax × (G ÷ 1000)

Joto. Hapa ndipo watahiniwa wengi hukosea, kwa sababu hudhani jua kali pamoja na joto kali ni bora kuliko yote. Silikoni inapopata joto, mkondo huongezeka kidogo mno, lakini volteji hushuka zaidi. Matokeo yake nguvu hupungua. Kwa paneli nyingi za silikoni nguvu hupungua kwa asilimia 0.3 hadi 0.5 kwa kila digrii juu ya 25 °C. Tutatumia asilimia 0.4, yaani 0.004.

Zingatia kwamba halijoto inayohusika ni ya seli, ambayo ni kubwa kuliko ya hewa. NOCT hupimwa mwanga ukiwa 800 W/m², hewa ikiwa 20 °C na upepo wa mita 1 kwa sekunde. Paneli yetu hufika 45 °C katika hali hiyo, yaani 25 °C juu ya hewa. Tukichukulia kwamba tofauti hiyo huenda sambamba na mwanga:

Ts = Th + (25 ÷ 800) × G

ambapo Ts ni halijoto ya seli na Th ni halijoto ya hewa. Tukiunganisha yote:

P = Pmax × (G ÷ 1000) × [1 − 0.004 × (Ts − 25)]

Mfano 3. Linganisha paneli mbili za aina moja, mwanga ukiwa 1000 W/m²: moja ipo Dar es Salaam, hewa 32 °C, nyingine ipo Njombe, hewa 16 °C.

Dar es Salaam:
Ts = 32 + 31.25 = 63.25 °C
P = 100 × 1 × [1 − 0.004 × 38.25] = 100 × 0.847 = 84.7 W

Njombe:
Ts = 16 + 31.25 = 47.25 °C
P = 100 × 1 × [1 − 0.004 × 22.25] = 100 × 0.911 = 91.1 W

Kwa mwanga uleule, paneli ya Njombe inatoa wati 6.4 zaidi, kwa sababu ya baridi tu. Hapa pana somo la vitendo: usilaze paneli juu ya bati moja kwa moja. Acha nafasi ya hewa kupita chini yake.

Volteji nayo inahitaji hadhari. Voc hushuka takriban asilimia 0.3 kwa kila digrii juu ya 25 °C, na huongezeka kwa kiasi hichohicho kwa kila digrii chini yake. Kwa paneli yetu: 0.003 × 22.0 = 0.066 V kwa kila digrii. Asubuhi ya baridi ndipo volteji huwa kubwa kuliko ilivyoandikwa, na ndipo vifaa huungua. Swali la 4 la mazoezi linahusu jambo hili.

9.7 Nishati ya siku: kurudi kwa Asha

Nguvu ni ya papo hapo. Nishati hujumlishwa kwa muda. Mwanga hubadilika kuanzia alfajiri hadi machweo, kwa hiyo tunarahisisha kwa kutumia saa za jua kamili, H. Nishati yote ya mwanga wa siku ikiwa 5 kWh kwa mita ya mraba, tunasema H = 5, kana kwamba jua la 1000 W/m² liliwaka kwa saa 5 kisha likazimwa.

E = Pmax × H × u

Herufi u ni zao la upotevu wote. Kwa nyumba ya Asha tuchukulie: joto 0.88, vumbi na nyaya 0.95, betri 0.85.
u = 0.88 × 0.95 × 0.85 = 0.71

Matumizi ya kila usiku:
Taa 3 za 7 W, saa 1 usiku hadi saa 6 usiku (saa 5): 3 × 7 × 5 = 105 Wh
Televisheni ya 30 W, saa 1 usiku hadi saa 5 usiku (saa 4): 30 × 4 = 120 Wh
Kuchaji simu 4, kila moja 10 Wh, mapema jioni: 40 Wh
Jumla: 265 Wh

Kiangazi, H = 5: E = 100 × 5 × 0.71 = 355 Wh. Inatosha, na ziada ni 90 Wh.
Siku za mvua, H = 3: E = 100 × 3 × 0.71 = 213 Wh. Pungufu ni 265 − 213 = 52 Wh kwa siku.

Betri ni ya 12 V, 50 Ah: 12 × 50 = 600 Wh. Betri ya asidi na risasi haifai kutumiwa zaidi ya nusu ikiwa unataka idumu, kwa hiyo akiba inayotumika ni 300 Wh. Kidhibiti hukata umeme akiba hiyo ikiisha.

Swali: betri ikiwa imejaa siku mvua inapoanza, taa zitazimika usiku wa ngapi?

Mtahiniwa mwenye haraka atagawanya 300 ÷ 52 = 5.8 na kuandika "usiku wa sita". Jibu hilo ni kosa. Betri lazima ibebe matumizi ya usiku mzima kabla ya jua kuchomoza tena. Fuata usiku mmoja mmoja:

Usiku wa 1: akiba 300, matumizi 265, inabaki 35 Wh.
Mchana: 35 + 213 = 248 Wh.
Usiku wa 2: akiba 248, matumizi 265. Pungufu 17 Wh. Saa ya mwisho zinawaka taa tu, 21 W. 17 ÷ 21 = 0.81 ya saa, yaani taa zinazimika dakika 49 kabla ya saa 6 usiku.
Mchana: 0 + 213 = 213 Wh.
Usiku wa 3: pungufu 52 Wh. Saa nzima ya mwisho inapotea (21 Wh), na 31 Wh nyingine zinapungua wakati taa na televisheni zote zinawaka (51 W): 31 ÷ 51 = 0.61 ya saa. Giza linaingia karibu saa 4 na nusu usiku, na itakuwa hivyo kila usiku mvua zikiendelea.

Asha amepata jibu. Kilichopungua ni jua, na betri nzima kabisa ingeonyesha dalili zilezile. Kununua betri mpya kusingeongeza hata wati-saa moja ya mchana. Je, suluhisho ni lazima liwe paneli ya pili? Punguza televisheni kutoka saa 4 hadi saa 2: matumizi yanakuwa 265 − 60 = 205 Wh, chini ya 213 Wh. Taa zitawaka hadi saa 6 usiku, kila usiku, bila kununua kitu. Anachobakiza Asha ni kumweleza baba kuhusu televisheni, na hapo modeli haimsaidii. Lakini sasa ana namba za kumwonyesha.

9.8 Mipaka ya modeli

Kila modeli huacha mambo nje. Ukiulizwa "taja udhaifu wa modeli uliyotumia", eleza haya:

Kivuli. Tumechukulia seli zote zinapata mwanga sawa. Seli zipo kwenye mfululizo, hivyo seli moja iliyofunikwa na jani la mwembe hubana mkondo wa zile nyingine. Kivuli kidogo huweza kushusha nguvu kwa kiasi kikubwa kuliko eneo lake.
Upepo. Mlinganyo wa Ts hauna upepo. Upepo ukiwa mkali, seli huwa baridi kuliko tulivyokokotoa.
Umri. Paneli hupungua nguvu kidogo kila mwaka.
Wastani. H ni wastani. Siku moja ya mawingu mazito inaweza kuwa chini sana ya 3.

Modeli ikitofautiana na kipimo, usifute kipimo. Tafuta ni jambo lipi kati ya hayo limesababisha tofauti.

9.9 Makosa yanayopoteza alama

1. Kuzidisha Voc kwa Isc na kuita jibu hilo nguvu ya paneli.
2. Kutumia halijoto ya hewa badala ya halijoto ya seli.
3. Kuchanganya W na Wh. Paneli ina wati. Betri huhifadhi wati-saa.
4. Kusahau alama hasi ya k. Kama I imezidi Isc, au imekuwa hasi wakati V ni ndogo kuliko Voc, rudia hesabu.
5. Kugawanya akiba ya betri kwa pungufu la siku bila kufuatilia usiku mmoja mmoja.
6. Kuandika jibu bila kizio.

9.10 Mazoezi

1. Paneli ina Pmax = 150 W, Vmp = 18.0 V, Voc = 22.5 V na Isc = 8.90 A. Tafuta (a) Imp (b) kipimo cha ujazo (c) ukinzani wa mzigo unaotoa nguvu ya juu kabisa.

2. Kwa paneli ya mada hii, tafuta I na P katika hali sanifu ikiwa (a) V = 15.0 V (b) V = 18.5 V. Jedwali la logi halihitajiki.

3. Mwanga ni 640 W/m² na hewa ni 28 °C. Tafuta halijoto ya seli na nguvu ya paneli ya mada hii.

4. Fundi ameunganisha paneli mbili za mada hii kwa mfululizo kwenye kidhibiti kilichoandikwa "mwisho 45 V". Amepima nadharia yake: 2 × 22.0 = 44.0 V. Asubuhi moja jua linachomoza seli zikiwa 5 °C. Chukulia mwanga unatosha. Je, kidhibiti kipo salama? Pendekeza muunganisho bora.

5. Zahanati ya kijiji ina taa 4 za 9 W zinazowaka saa 6 kila usiku. H = 4 na u = 0.71. Tafuta (a) nishati ya usiku mmoja (b) nguvu ndogo kabisa ya paneli inayofaa (c) ukubwa wa betri ya 12 V katika Ah, ikiwa inatakiwa ihudumie usiku 2 bila jua na itumike nusu tu.

Majibu

1. (a) 150 ÷ 18.0 = 8.33 A (b) 150 ÷ 200.25 = 0.75 (c) 18.0 ÷ 8.33 = 2.16 Ω

2. (a) k = −2; I = 6.00 × 0.99 = 5.94 A; P = 89.1 W (b) k = −1; I = 6.00 × 0.9 = 5.40 A; P = 99.9 W

3. Ts = 28 + 20 = 48 °C; P = 100 × 0.64 × (1 − 0.092) = 58.1 W

4. Badiliko ni 20 °C chini ya 25 °C: 20 × 0.066 = 1.32 V. Kila paneli ina 23.32 V, mbili zina 46.64 V, zaidi ya 45 V. Kidhibiti hakipo salama. Aunganishe kwa sambamba: volteji ibaki 23.32 V na mikondo ijumlishwe, baada ya kuhakikisha kidhibiti kinahimili ampea 12.

5. (a) 4 × 9 × 6 = 216 Wh (b) 216 ÷ (4 × 0.71) = 76 W; chagua paneli isiyopungua hapo, kwa mfano 80 W (c) 216 × 2 = 432 Wh; 432 ÷ 0.5 = 864 Wh; 864 ÷ 12 = 72 Ah

Kazi ya nyumbani. Kama kwenu au kwa jirani kuna paneli, omba ruhusa usome kibandiko. Andika namba zake, orodhesha vifaa vinavyotumika usiku, kisha fuatilia betri usiku mmoja mmoja kama Asha alivyofanya, ukiweka H = 5 na kisha H = 3.